‘Haelewi’ na ‘Hajaelewa’: Lugha ya Mwalimu na Ukuaji wa Uwezo wa Mwanafunzi



Utangulizi

Katika sarufi ya Kiswahili, kitenzi kimoja huweza kukanushwa kwa njia zaidi ya moja. ‘Hakuelewa’ hulifunga jambo katika wakati uliopita. ‘Haelewi’ hueleza hali ya mtu kana kwamba ndivyo alivyo. ‘Hajaelewa’ nayo hukanusha, lakini huacha mlango wazi: jambo halijatokea, ila laweza kutokea. Wanafunzi hufundishwa kuwa mofimu -ja- ni ukanushi wa -me-, kisha somo huishia hapo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba tofauti hiyo ina uzito mkubwa darasani, kwa kuwa hukumu ya mwalimu juu ya mwanafunzi hupitia katika vitenzi hivyo kila siku.

Nadharia na ushahidi wake

Katika kitabu chake cha mwaka 2006, Mindset, mwanasaikolojia Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford alitofautisha mitazamo miwili. Mwenye mtazamo mgando huamini kuwa akili ni kipimo ambacho mtu huzaliwa nacho. Mwenye mtazamo wa ukuaji huamini kuwa uwezo hukuzwa kwa juhudi, kwa mbinu bora na kwa msaada wa wengine. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Dweck na Claudia Mueller walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa watoto wa Marekani. Watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi na kufanya vibaya zaidi kuliko waliosifiwa kwa juhudi.

Hata hivyo, nadharia hii si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa shule za sekondari za Marekani. Somo fupi, lisilofika saa moja, liliinua wastani wa wanafunzi wenye alama za chini kwa takriban 0.1 katika mizani ya alama 4. Faida hiyo ilikuwapo, lakini ni ndogo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa, katika hisabati, faida ilionekana pale ambapo mwalimu mwenyewe alikuwa na mtazamo wa ukuaji. Pale ambapo hakuwa nao, haikuonekana. Somo la saa moja huweza kupanda mbegu, lakini sauti ya mwalimu ndiyo udongo wa mwaka mzima.

Mjinga ni nani?

Kiswahili kinabeba mitazamo yote miwili. Asemaye kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka ameukata mjadala. Asemaye kuwa mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani ameufungua upya, maana kitenzi ‘kuerevuka’ chenyewe hutaja safari ya kutoka hali moja hadi nyingine.

Neno ‘mjinga’ nalo lina historia ya kuzingatiwa. Katika mwambao wa karne ya 19, liliwataja pia watu waliowasili karibuni kutoka bara, hasa watumwa, ambao walikuwa bado hawajajua lugha na desturi za pwani. Matumizi hayo yalijaa dharau ya utumwa, wala hayafai kutukuzwa. Lakini yanafichua jambo moja: aliyeitwa mjinga hakuwa mtu asiye na akili, bali mtu aliyekuwa mgeni mahali pale. Ugeni huisha.

Mgeni wa kidato cha kwanza

Wageni wa namna hiyo wamo madarasani leo. Katika shule nyingi za umma za Tanzania, mtoto husoma kwa Kiswahili katika elimu ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia anapoingia kidato cha kwanza. Yule aliyekuwa akiuliza na kujibu hunyamaza ghafla. Mwalimu asipotenganisha lugha na maarifa, huandika katika ripoti kwamba mwanafunzi ni mzito. Kumbe huenda mtoto anakijua kisa cha mvua na umande, ila hajapata maneno ya kukieleza. Akiitwa mzito mara nyingi huanza kuamini, na aaminiye kuwa ni mzito huacha kuuliza. Hapo hasara si ya alama pekee. Ni ya mtu.

Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja watahiniwa bora na shule bora kama ilivyokuwa desturi. Orodha moja ya hadharani iliondolewa. Orodha iliyomo kinywani mwa mwalimu, ya wenye akili na wasio nazo, haiwezi kuondolewa na baraza lolote.

Kalamu nyekundu

Je, yatosha kubadili ‘haelewi’ kuwa ‘hajaelewa’? Haitoshi. ‘Hajaelewa’ isiyofuatwa na njia ni faraja tupu, na kumsifu mtoto kwa juhudi zisizozaa matunda ni kumdanganya. Chukua mfano wa insha. Mwalimu aandikaye ‘dhaifu’ ametoa hukumu. Aandikaye ‘jitahidi’ ametoa wosia usio na ramani. Aandikaye ‘hujatoa mfano katika aya ya pili, ongeza mmoja, uniletee Jumatatu’ amefundisha. Mofimu -ja- imetaja pengo, sentensi iliyofuata imetaja hatua, na siku imewekwa. Katika darasa la wanafunzi wengi haiwezekani kuandika hivyo katika kila daftari kila juma, lakini yawezekana kuchagua kosa moja lililoenea na kulirudia pamoja na darasa zima.

Mwalimu mwenyewe anastahili kipimo kicho hicho. Mkaguzi asemaye ‘mwalimu huyu hawezi’ humfunga kama yeye anavyomfunga mwanafunzi. Mwalimu ambaye hajapata mafunzo ya mtaala mpya, vitabu wala mwenzake wa kushauriana naye, hawezi kudaiwa mtazamo wa ukuaji kwa maneno matupu. Mtazamo bila nyenzo huwa lawama kwa mnyonge.

Hitimisho

Elimu ni bahari, na hakuna aliyeimaliza. Kiswahili kimewapa walimu silabi moja ya kuutaja ukweli huo bila kuficha upungufu wala kuufanya kuwa wa milele. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba kila ‘hujaweza’ inayotamkwa darasani inafuatwa na jibu la swali ambalo mtoto ana haki ya kuliuliza: nifanye nini sasa?