Mjumbe Asiyepata Kigoda: Dawa Zinazoziba Vipokezi vya Homoni kwa Wagonjwa wa Moyo

Hotuba ya Mfamasia wa Wilaya mbele ya Baraza la Madiwani



Nimepewa nafasi hii nieleze kwa nini idara ya afya imeomba fedha za vitendanishi vya kupimia potasiamu katika vituo vya afya, ilhali wapo wanaosema kwamba fedha hizo zingenunua vidonge zaidi. Hoja yao ni ya haki. Jibu lake, hata hivyo, haliwezi kueleweka kabla ya kuzifahamu dawa zenyewe.

Moyo kushindwa kufanya kazi, hali ambayo wengi huiita moyo kutanuka, si moyo kusimama. Ni moyo uliodhoofika usioweza kusukuma damu inayoutosha mwili. Mgonjwa huvimba miguu, hukosa pumzi akipanda mwinuko mdogo, na usiku hulala ameegemea mito kwa sababu akijinyoosha huhisi anazama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, na kwamba wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52. Ulaya ugonjwa huu ni wa wazee waliokwisha kustaafu. Kwetu unawapata watu ambao bado wanasomesha watoto.

Sasa niingie katika kiini. Figo zinapopata damu kidogo, hazijui kwamba moyo umechoka. Mwili wa binadamu umezoea hatari mbili za kale: kuvuja damu na kukaukiwa maji. Basi figo huchukulia kwamba mojawapo imetokea, na tarishi hutumwa mbio. Homoni ya angiotensini huibana mishipa. Aldosteroni, itokayo katika tezi zilizo juu ya figo, huamuru chumvi na maji vibakizwe mwilini. Adrenalini na nduguye noradrenalini huuchapa moyo upige haraka zaidi. Kwa aliyejeruhiwa shambani, amri hizo ni wokovu. Kwa mwenye moyo dhaifu ni sawa na kumwongezea mzigo punda aliyekwisha kupiga magoti. Tena aldosteroni ikizidi kwa muda mrefu huchochea makovu katika misuli ya moyo, na moyo wenye makovu hukakamaa.

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na dawa ninazozizungumzia hazimuui. Homoni hubaki katika damu kama ilivyokuwa. Lakini kila homoni, ifikapo kwenye chembe hai, sharti ipate kipokezi chake ikae ndipo ujumbe usikike. Dawa hutangulia, hukikalia kigoda hicho, na hukaa kimya. Mjumbe akifika hukuta pamejaa. Losartani hukalia kigoda cha angiotensini, bisoprololi na karvediloli cha adrenalini, na spironolaktoni cha aldosteroni. Enalaprili, ambayo wengi mnaijua, hufanya kazi kwa njia nyingine: humzuia mjumbe asitumwe.

Historia ya bisoprololi na wenzake ina funzo kwa sisi watoa huduma. Kwa miaka mingi vitabu vilikataza kumpa mgonjwa wa moyo dhaifu dawa inayozuia adrenalini, kwa hofu kwamba moyo uliochoka ukinyimwa kichocheo utasimama. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake huko Göteborg, Sweden, walieleza kwamba wagonjwa wachache waliopewa dawa hizo walipata nafuu. Wengi hawakuamini. Ilichukua takriban robo karne hadi mwaka 1999, utafiti wa bisoprololi kwa wagonjwa 2,647 ulipositishwa kabla ya wakati kwa kuwa vifo vilikuwa vimepungua kwa thuluthi moja.

Hofu ile ya zamani haikuwa upuuzi mtupu. Bisoprololi huanzwa kwa kiasi kidogo mno, miligramu 1.25, na huongezwa polepole kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo mgonjwa anaweza kujihisi mchovu kuliko alivyokuja, naye akiamua kuiacha ghafla hujitia hatarini. Nawaomba Waheshimiwa mlifikishe hilo katika mikutano ya vijiji: anayejisikia vibaya arudi kituoni, asiitupe dawa. Na mwenye pumu aseme mapema.

Nirudi kwenye spironolaktoni, kwa kuwa ndiyo iliyoleta ombi letu. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Bertram Pitt kwa wagonjwa 1,663 waliokuwa na ugonjwa mkali. Katika muda wa miaka miwili hivi, kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa walifariki 46. Waliopewa spironolaktoni walifariki 35. Tofauti hiyo ililetwa na kidonge kimoja kwa siku.

Lakini aldosteroni ina kazi nyingine: huziamuru figo zitoe potasiamu. Ikizibwa, potasiamu hubaki mwilini, na potasiamu ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo pasipo dalili ya kuonekana kwa macho. Huko Ontario, Kanada, matumizi ya spironolaktoni yalipanda ghafla baada ya utafiti ule, na wagonjwa waliolazwa kwa sababu ya potasiamu kuzidi wakaongezeka, kutoka 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994 hadi 11 mwaka 2001. Huko Tayside, Uskoti, matumizi yalipanda vilevile, lakini waliolazwa kwa sababu hiyo hawakuongezeka. Dawa ilikuwa ileile. Watafiti wa Uskoti walilihusisha jambo hilo na upimaji wa damu uliofanywa kwa uangalifu zaidi.

Kipimo hicho, pamoja na kile cha utendaji wa figo, hutakiwa kabla ya kuanza dawa, baada ya wiki moja, baada ya wiki nne, kisha mara kwa mara. Potasiamu ikizidi 5.0 dawa haianzwi, ikifika 6.0 husimamishwa mara moja. Mganga asiye na kipimo hubaki na njia mbili, zote mbaya: kumnyima mgonjwa dawa inayookoa maisha, au kumpa huku akikisia. Kumwambia mtu anayehema asafiri hadi hospitali ya wilaya mara tatu ndani ya mwezi mmoja ni kumwambia asije.

Kuna mambo ambayo hayahitaji bajeti. Mgonjwa anayetumia dawa hizi asijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni katika duka la dawa muhimu, kwa maana huziumiza figo na kupandisha potasiamu. Aulize kabla ya kunywa madafu kwa wingi. Mwanamume akivimba matiti kwa sababu ya spironolaktoni, jambo lililompata mmoja kati ya kila kumi katika utafiti wa Pitt, aje atuambie bila haya. Wengi huona aibu wakaacha dawa kimyakimya. Mama mjamzito asipewe losartani wala enalaprili, na aliyepata udhaifu wa moyo baada ya kujifungua aonane na daktari kabla ya kubeba mimba nyingine.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kifungu tunachokiombea kinahusu vitendanishi vya potasiamu na vya kupimia figo kwa vituo vya afya, pamoja na matengenezo ya mashine, maana mashine isiyo na vitendanishi ni pambo la maabara. Iwapo fedha za mapato ya ndani hazitatosha kwa vituo vyote, tunapendekeza tuanze na vile vilivyo mbali zaidi na hospitali ya wilaya. Nipo tayari kujibu maswali ya Waheshimiwa.