Kuandika kwa Ajili ya Sikio: Uandishi katika Mafunzo ya Redio na Televisheni Vyuoni



Mada niliyopewa ni pana: mafunzo ya utayarishaji wa vipindi vya redio na televisheni. Naomba niibane kwenye uandishi, kwa sababu hapo ndipo wahitimu wetu wengi wanapokwama. Kijana anatoka chuoni akijua kukata na kuunganisha sauti kwenye kompyuta, anajua kupanga maikrofoni, kamera haimtishi. Mwambie aandike habari ya dakika moja ya kusomwa hewani, utaona anavyohangaika.

Hali hii ina chimbuko lake. Chuo cha Mawasiliano ya Umma cha Kenya, KIMC, kilianzishwa Nairobi mwaka 1961 ili kufundisha mafundi wa mitambo ya utangazaji. Tanzania ilianzisha Chuo cha Uandishi wa Habari mwaka 1975, nacho mwaka 2003 kikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kule walianza na mitambo, huku tulianza na habari. Naona mgawanyo huo bado unaishi katika mitaala yetu: studio ina mwalimu wake, habari ina mwalimu wake, lakini maneno ya kusemwa hayana mwenyewe. Mwanafunzi wa redio anafundishwa kuandika kama anayeandikia gazeti, kisha anapelekwa studio akasome alichoandika.

Tazameni sentensi hii niliyoitunga kwa mfano wa zile tunazosahihisha kila muhula: “Jeshi la Polisi mkoani humo linamshikilia dereva wa basi la abiria lililokuwa likitoka Mwanza kuelekea Dar es Salaam kwa tuhuma za kusababisha ajali iliyosababisha vifo vya watu 3 na majeruhi 12 jana alfajiri.” Kisarufi haina kosa. Lakini aliyefungua redio sasa hivi akiwa jikoni hajui “humo” ni mkoa gani, na vifo vinamfikia mwishoni, wakati msomaji ameshaishiwa pumzi. Kwa sikio tungesema: “Watu 3 wamekufa kwa ajali ya basi mkoani Singida. Wengine 12 wamejeruhiwa. Basi lilikuwa linatoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, na ajali ilitokea jana alfajiri. Polisi wanamshikilia dereva.” Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji wa gazeti. Kazi hii ya kuvunja sentensi na kuzipanga upya inahitaji muhula mzima, na wengi wetu tunaipa kipindi kimoja.

Lipo na suala la lugha, nalo tusilikwepe. Kozi nyingi za stashahada Tanzania zinafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mhitimu huyohuyo ataajiriwa atangaze kwa Kiswahili, iwe redio jamii ya wilayani, TBC, au Radio Citizen kule Kenya. Sipingi Kiingereza, ndiyo lugha ya vitabu vingi vya fani hii. Ninachopinga ni mwanafunzi kumaliza masomo bila hata kazi moja ya Kiswahili iliyosomwa na mwalimu neno kwa neno na kurudishwa ikaandikwe tena.

Uzito wa kuandika kwa ajili ya sikio ulionekana wazi katika “Twende na Wakati”, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 kuelimisha watu kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo haukurushwa kupitia mtambo wa Dodoma, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Walikuta matumizi ya uzazi wa mpango yameongezeka zaidi kule uliposikika. Mhusika mmoja, dereva wa lori aitwaye Mkwaju, alikuwa na wanawake njia nzima huku mkewe Tunu akihangaika na watoto. Wasikilizaji wakaanza kuwaita wanaume wenye tabia hiyo Mkwaju. Jina lililotungwa na mwandishi mezani likaingia mitaani, na lilifikishwa huko kwa sauti tu.

Uandishi wa namna hiyo hujifunzwa kwa kutoka nje ya darasa. Mpeleke mwanafunzi Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi, wakati wa mnada, akiwa na simu yenye kinasa sauti. Atarudi na sauti ya dakika 40: dalali anapandisha bei, maji yanamwagwa sakafuni, mama lishe anahojiwa huku jenereta likinguruma kiasi kwamba nusu ya majibu hayasikiki. Mwambie atoe dakika 3. Hapo atalazimika kuamua. Aanze na dalali, au na mama anayelalamika bei? Kama sauti ya dalali imeshatuambia tuko mnadani, kuna haja gani ya mtangazaji kusema “hapa ni mnadani”? Jenereta je, alipaswa kumsogeza mama pembeni kabla ya kuuliza? Akijibu maswali haya kwa kalamu kabla hajagusa programu ya kuhariri, ameanza kuwa mtayarishaji.

Kwenye televisheni kanuni ni ileile, ila mshindani wa maneno ni picha. Mwanafunzi atazame picha zake zote kwanza, ndipo aandike yale tu ambayo picha haikuyasema.

Napendekeza mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Somo la kuandika kwa ajili ya sikio litangulie somo la studio. Kila chuo kipatane na redio jamii iliyo karibu ili kazi bora za wanafunzi zirushwe hewani, na wanafunzi wakae na wasikilizaji wakati zinaporushwa. Na tunaposahihisha, mwanafunzi asome kazi yake kwa sauti wakati mwalimu amefunika karatasi. Mwalimu asichokielewa kwa kusikia mara moja, akikatie alama, hata kama kwenye karatasi kinapendeza.