Mto Mmoja, Kalamu Mbili: Kupanga Tovuti ya Mtunzi Ambaye Pia ni Mtafiti

Ndugu walimu, wanafunzi na watunzi mliopanda hadi Maliba,

Niliombwa nieleze namna ya kupanga tovuti binafsi. Wengi wenu mnatunga mashairi usiku, na mchana mnakusanya habari za koo, mimea au lugha. Swali lenu ni lile lile: niwe na tovuti mbili, au moja yenye mlango wa sanaa na mlango wa elimu? Mimi nasema mlango uwe mmoja.

Mtazameni Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda. Mwaka 1966 ilitoka Song of Lawino, malalamiko ya Lawino, mke ambaye mumewe amezama katika uzungu. Mtunzi huyo huyo alikuwa amesomea anthropolojia Oxford, na miaka michache baadaye akatoa kitabu cha kuwakosoa wasomi wa Magharibi walioandika kuhusu dini za Waafrika. Hoja ni moja. Lawino aliitoa kwa ukali na kicheko, msomi akaitoa kwa ushahidi. Ukivitenga vitabu hivyo, msomaji wa kimoja hatajua kuwa cha pili kipo.

Basi kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi. Usiandike "Mashairi", "Makala", "Picha". Andika mambo yanayokunyima usingizi. Kwa mtu wa huku la kwanza laweza kuwa maji: mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na mara zote mbili hospitali ya Kilembe iliumia. Chini ya neno "Maji" weka shairi lako la mto, masimulizi ya wazee juu ya Kithasamba, mwenye theluji ya Rwenzori, na makala yako kuhusu mabaki ya mgodi wa shaba. Jambo la pili laweza kuwa endara, marimba ya Wakonzo, na wapigaji wake. La tatu, mpaka wa Mpondwe kati ya Uganda na Kongo, ambako Mkonzo na Mnande huelewana kwa lugha zao kabla Kiswahili hakijaitwa. Matatu yanatosha kuanzia.

Hapa naomba msikilize vizuri. Kuweka kazi pamoja si ruhusa ya kuzikoroga. Kila andiko libebe juu yake neno moja: nimetunga, nimesimuliwa, au nimechunguza. Huku kuchunguza historia kumewahi kuzaa siasa: Isaya Mukirane, mwalimu wa shule, aliongoza chama cha kuchunguza historia ya Wakonzo katika miaka ya 1950. Tarehe 30 Juni 1962 harakati yake ikatangaza Rwenzururu kuwa nchi inayojitegemea. Katika milima hii habari za koo hazijawahi kuwa mapambo. Ukibuni babu katika hadithi, kisha mtu akamchukua kuwa shahidi wa mpaka wa shamba, utaitwa wewe uje ueleze. Na mzee aliyekusimulia aombwe ridhaa kabla sauti yake haijapanda mtandaoni. Sheria ya Uganda ya kulinda data binafsi ya 2019 inadai hivyo, na adabu ilidai zamani.

Mtaniuliza, kwa nini tusibaki Facebook? Ilifungwa Uganda Januari 2021, na walioendelea kuingia walipitia VPN. Kazi ya maisha haiwekwi katika nyumba ambayo ufunguo wake anao mwingine. Tovuti yako nayo ina gharama, maana anwani hulipiwa kila mwaka, na ukisahau inachukuliwa. Weka nakala ya kila kitu kwenye diski nyumbani. Picha zipunguzwe uzito, kwa sababu msomaji wako wa Bwera anafungua kwa simu na bando analihesabu.

Mwisho ni lugha. Andika Lhukonzo bila kuomba radhi, na uiambie kompyuta kwamba ndiyo Lhukonzo. Kila lugha ina alama yake ya kimataifa, na ya kwetu ni "koo". Sijui kama aliyeichagua alijua Kiswahili, lakini amepatia: ndimo sauti inamotoka, na ndio wingi wa ukoo.

Karatasi ziko mezani. Kabla ya chai, kila mmoja aandike mambo yake matatu, na pembeni ya kila andiko alilonalo aweke neno lake: nimetunga, nimesimuliwa, nimechunguza.