Kibofu Kilichozaliwa Wazi: Kisu cha Kwanza Kishikwe na Mkono Uliozoea

Msikilizaji, leo nazungumzia jambo ambalo familia nyingi zinazopatwa nalo hulifunika kwa khanga na kulinyamazia. Kuna watoto wanaozaliwa kibofu cha mkojo kikiwa nje. Chini ya kitovu, mahali ambapo tumbo lilipaswa kufunga, kuna nyama nyekundu, laini, yenye unyevu. Ukiitazama kwa karibu utaona matundu mawili madogo, na kila baada ya muda mfupi tone la mkojo linachuruzika. Hapo ndipo mirija inayotoka kwenye figo inapokomea. Kibofu hakikujikunja kuwa mfuko, kimelala wazi juu ya tumbo. Mifupa ya mbele ya nyonga nayo haikukutana. Kwa mvulana, uume huwa mfupi na njia ya mkojo iko wazi upande wa juu. Kwa msichana, sehemu za siri za mbele zimegawanyika.

Hitilafu hii hutokea wiki za mwanzo kabisa za ujauzito, mara nyingi mama akiwa hata kliniki hajaanza. Si laana, si uzinzi wa baba, wala si adhabu ya kumcheka mtu mwenye ulemavu. Na nalisema hili kwa sauti: figo za mtoto huyu kwa kawaida ni nzima, na akili yake ni timamu. Ni mtoto wa kwenda shule, wa kuoa au kuolewa.

Ni tatizo la nadra. Makadirio ya kitabibu ni mtoto mmoja katika kila 30,000 hadi 50,000 wanaozaliwa, wavulana wakiwa wengi zaidi. Lakini Tanzania peke yake huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Uwiano huo ukishika hapa kwetu, ni watoto 40 hadi 60 na ushee kila mwaka. Wengi wao watapokelewa na mkunga ambaye hajawahi kuona kitu cha namna hiyo tangu aanze kazi.

Kwa hiyo nianze na mkunga. Kitovu kifungwe kwa uzi, kisibanwe kwa kibanio cha plastiki, kwa sababu kibanio kinakikwaruza kibofu kila mtoto anapojinyonganyonga. Kibofu kifunikwe kwa nailoni nyepesi, safi, inayoonyesha, ile ya kufunikia vyakula, kisha nepi ije juu yake. Shashi hapana, wala pamba. Vinanata, na vikibanduliwa vinaondoka na ngozi ya kibofu. Nailoni ibadilishwe kila anapobadilishwa nepi. Mama amnyonyeshe kama mtoto mwingine yeyote. Na akiwa wa kiume, asitahiriwe, hata kama babu ameshaita ngariba. Lile govi daktari atalihitaji kujengea uume.

Baada ya hapo ni rufaa. Na hapa ndipo penye hoja yangu ya leo.

Upasuaji huu una historia ndefu. Mwaka 1852, jijini London, daktari John Simon alijaribu kuuelekeza mkojo wa kijana mwenye tatizo hili kwenye utumbo mpana. Kukifunga kibofu chenyewe kikashika kulichukua karibu karne nzima zaidi. Katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Robert Jeffs na wenzake waliigawa kazi kwa hatua: kwanza kibofu na tumbo vinafungwa utotoni, kisha uume unatengenezwa, na mtoto akishakuwa na umri wa kuelewa, shingo ya kibofu inakazwa ili aweze kuubana mkojo. Michael Mitchell, kule Seattle, akaja na njia ya kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa mara moja. Mabingwa wanabishana hadi leo ipi bora, na sitaingia kwenye ubishi wao.

Jambo wanalokubaliana ndilo linalotuhusu: upasuaji wa kwanza ndio wenye bahati kubwa kuliko yote. Ukishika, kibofu kinakua. Mshono ukiachia, kibofu kikatoka tena, kinabaki na makovu, na kila jaribio linalofuata linapunguza uwezekano wa mtoto kuwa mkavu. Si kazi ya kushona ngozi tu. Mara nyingi mifupa ya nyonga hukatwa ili ivutwe pamoja, maana kinena kisipofunga, tumbo halishiki. Mtoto hulala wiki kadhaa miguu imefungwa au ikiwa kwenye plasta, na mama ananyonyesha ameinamia kitanda. Kazi hiyo inataka daktari wa mkojo, daktari wa mifupa, mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto wachanga, na wauguzi wanaojua mpira upi wa mkojo usiguswe.

Ndiyo maana Uingereza, pamoja na utajiri wake, watoto hawa wanapelekwa vituo viwili tu, London na Manchester. Kule India, hospitali ya serikali ya Ahmedabad imekuwa ikiwakusanya wagonjwa tangu 2009, na mabingwa kutoka Marekani wanakwenda kufanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Nasi tuchague vituo vichache, tuvijengee timu, halafu tuwe wakali: asiyefanya kazi hii mara kwa mara asiianze. Namwambia daktari wa mkoani kwa heshima zote, maana najua anavyosononeka akimtazama mtoto yule. Mtoto anaweza kusubiri. Hospitali kubwa duniani siku hizi huahirisha upasuaji kwa wiki kadhaa makusudi, ili timu nzima iwepo.

Hatuanzi sifuri. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina wataalamu wa mkojo wa miaka mingi, na mwaka 2000 Dk. Mteta na wenzake walichapisha uzoefu wao wa kuupeleka mkojo wa watoto hawa kwenye utumbo mpana, ili utoke kwa njia ya haja kubwa. Wapo wanaoidharau njia hiyo kuwa ya kizamani. Mimi siidharau. Mtoto anakuwa mkavu, anakaa darasani bila harufu, bila kutegemea mipira ya kutolea mkojo ambayo kijijini hainunuliki na haioshwi ipasavyo. Gharama yake nayo isifichwe: damu inaweza kuzidi asidi, figo zinaweza kupata maambukizi, na miaka mingi baadaye kuna hatari ya saratani ya utumbo. Mzazi aambiwe yote mawili kabla ya kutia saini, tena kwa Kiswahili anachokielewa. Aambiwe pia kwamba mtoto huyu atahudhuria kliniki maisha yake yote, njia yoyote itakayochaguliwa.

Na kliniki hiyo ni nauli. Mama anayetoka Kibondo kwenda Moshi anasafiri siku mbili, anaacha watoto wengine nyumbani na shamba likiota majani. Wizara ya Afya ikitenga vituo bila kutenga nauli na mahali pa mama kulala, vituo vitawahudumia wa karibu, na wa mbali watarudi kwenye khanga.

Kuna swali jingine nataka Wizara ilijibu. Msichana aliyefanyiwa upasuaji huu anaweza kushika mimba, lakini kizazi chake huwa katika hatari ya kushuka, na mara nyingi hushauriwa kujifungua kwa upasuaji, daktari anayeijua historia yake akiwepo. Akifikisha miaka 18, kliniki ya watoto inamuaga. Faili lake linakabidhiwa kwa nani?