Msaada na Mwenye Kuutoa
(Hotuba mbele ya wanachama)



Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliyataka mataifa tajiri yatoe asilimia 0.7 ya pato lao kuzisaidia nchi masikini. Uingereza ilikifikia kiwango hicho mwaka 2013, na mwaka 2015 ikakitia katika sheria. Hata hivyo, mwaka 2021 ilishuka hadi asilimia 0.5, na Februari 2025 ikatangaza kuwa itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027, ili fedha ziende katika ulinzi.

Tukumbuke pia bwawa la Pergau, nchini Malaysia. Msaada ule uliambatana na biashara ya silaha, na mwaka 1994 mahakama ya London ikaamua kuwa ni kinyume cha sheria, kwani mradi haukuwa na manufaa ya kiuchumi.

Ndugu zangu, hatusemi mkono wa msaada ukataliwe. Twasema: mtegemea cha nduguye hufa masikini. Basi na tuiulize Serikali yetu: siku fedha ya mgeni itakapokatika, dawa za hospitali zetu zitanunuliwa kwa fedha ipi?