Hadhira Inayotafuna: Vitafunwa, Filamu na Adabu ya Watazamaji wa Sakina, Arusha



1.0 Utangulizi

Mtambaji wa hadithi za Kiswahili haanzi mpaka hadhira imruhusu. Yeye hutoa mwito wa "Paukwa!" na hadhira huitikia "Pakawa!", pasipo mwitikio huo hadithi haina mlango wa kuingilia. M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio, yaani makutano ya fanani, hadhira, mahali na wakati. Filamu, kwa upande wake, ni fanani asiyesikia. Hadhira icheke, ilie au iondoke, picha itaendelea vilevile hadi mwisho.

Hata hivyo, katika vibanda vya kuonyeshea video katika mitaa kama Sakina, mjini Arusha, fanani huyo kiziwi husemeshwa bila kuchoka. Watazamaji humwonya kwamba adui amejificha nyuma ya mlango, humlaumu kwa kumwamini rafiki mnafiki, humpongeza anapotoroka. Wakati huohuo hutafuna karanga, humumunya ubuyu na kupeana bisi mkono kwa mkono gizani.

Tabia hiyo imezoeleka kuhesabiwa kuwa ni ukosefu wa adabu. Mhadhara huu unatetea hoja tofauti: kwamba kutafuna na kusema mbele ya filamu ni adabu yenye kanuni zake, na kwamba kwa njia ya adabu hiyo hadhira imeigeuza filamu ya kigeni kuwa tukio la Kiswahili. Iwapo hoja hiyo ina ukweli, basi kufifia kwa hadhira ya aina hiyo kunamhusu mtaalamu wa lugha na fasihi sawasawa na kunavyomhusu mwenye kibanda.

2.0 Kimya kilikotoka

Inafaa kukumbuka kwamba uhusiano wa chakula na filamu haukuwa wa kirafiki tangu mwanzo, hata huko Marekani ambako leo bisi na sinema ni kama chanda na pete. Charles Cretors wa Chicago aliionyesha hadharani mashine yake ya kukaangia bisi katika maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1893. Lakini wenye majumba ya kifahari ya sinema hawakuitaka bisi milangoni mwao. Walitaka majumba yao yafanane na ya opera. Walihofia mazulia kuchafuka na watu wa tabaka la chini kujazana. Mambo mawili yaliwabadilisha. Kwanza, filamu zenye sauti zilizoanza kuenea baada ya mwaka 1927 zilifunika mlio wa kutafuna. Pili, mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwafundisha kwamba faida ya bisi inaweza kuliokoa jumba ambalo tiketi peke yake zimeshindwa kuliokoa. Hivyo basi, kimya na mdomo mtupu havikuwa sheria ya filamu yenyewe. Vilikuwa heshima ya kuazima kutoka opera, nayo ilivunjwa mara tu ilipoanza kuleta hasara.

Katika Tanganyika, suala la mwenendo wa watazamaji lilichukua sura ya kikoloni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya uongozi wa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zake zilizungushwa kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, zikiambatana na maelezo katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Mtazamaji aliyefikiriwa na mradi huo alikuwa mwanafunzi: atazame, aelewe, kisha akalime vizuri zaidi. Katika fikra hiyo hakukuwa na nafasi kubwa ya mtazamaji anayeijibu filamu kwa maneno yake mwenyewe.

Mijini hali ilikuwa tofauti. Majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha, mengi yakimilikiwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, yalikuwa ya hadhira kabla ya kuwa ya filamu. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi kwenda sinema kulivyokuwa shughuli ya familia nzima na ya mtaa mzima. Filamu za Kihindi zilikuwa ndefu na zilikatwa katikati kwa mapumziko. Mapumziko hayo ndiyo yaliyokuwa saa ya sambusa, bajia, kashata, soda na mjadala wa yaliyokwisha kuonekana. Chakula kilikuwa na wakati wake, na wakati huo uliheshimiwa.

3.0 Sakina na kibanda chake

Sakina iko upande wa magharibi wa Arusha, kando ya barabara iendayo Namanga na Nairobi. Ndipo inapoanzia barabara ya njia nne ya kilomita 14.1 inayofika Tengeru. Upande wake wa kaskazini Mlima Meru umesimama kwa mita 4,566. Ni mtaa wa mchanganyiko: Waarusha, Wameru, Wachaga, Wapare, Wairaqw na wengine wengi hukutana huko, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Eneo hili si geni kwa filamu. Upande wa pili wa mlima, Momella, ndipo Howard Hawks alipopigia sehemu kubwa ya Hatari!, filamu iliyotoka mwaka 1962 ikiwa na John Wayne. Jina lake ni la Kiswahili. Maneno ya mashujaa wake ni ya Kiingereza. Pengo hilo kati ya jina na maneno ndilo ambalo watazamaji wa vibanda wamekuwa wakiliziba kwa midomo yao.

Kibanda cha video ni mtoto wa miaka ya 1980 na 1990, wakati ambapo kanda za video zilikuwa zimefika na Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Majumba makubwa yalipodhoofika, kibanda kilichukua wateja wao, hasa vijana wasio na nauli wala kiingilio cha mjini. Vifaa vyake ni vichache: kuta za mbao au mabati, runinga, spika, mabenchi, na ubao wa chaki wa kutangazia picha za siku. Watanzania wamekipa jina la utani la "kibanda umiza", na yeyote aliyekaa saa tatu juu ya benchi lisilo na egemeo haulizi sababu.

Nje ya mlango wa kibanda kuna uchumi mwingine: karanga zilizofungwa katika vikaratasi, bisi katika vifuko vya nailoni, mahindi ya kuchoma, miwa iliyokatwa vipande, na chai au kahawa katika miezi ya baridi ya Juni na Julai. Bisi hujieleza zenyewe kama chakula cha kibanda. Punje ya mahindi magumu hubeba maji kidogo ndani yake. Ikipata moto, maji huwa mvuke, ganda hushindwa kuuzuia na punje hupasuka. Kwa hiyo konzi moja ya mahindi hujaza sufuria, na mtaji mdogo huonekana mkubwa. Muuzaji hahitaji duka, anahitaji hadhira.

Ulaji huo una ratiba, na ratiba hiyo imekuwa ikiamuliwa na teknolojia. Diski ya VCD, iliyotawala vibanda katika miaka ya 2000, haibebi zaidi ya dakika 80 hivi za picha; kwa hiyo filamu moja ilihitaji diski mbili. Mwenye kibanda alipoinuka kubadilisha diski, mapumziko ya jumba la zamani yalizaliwa upya: sarafu zilipita juu ya vichwa, karanga zikarudi kwa njia hiyohiyo, na ubishi ukaanza kuhusu nani atamsaliti nani. Umeme ulipokatika, mapumziko yalirefuka. DVD na baadaye kifaa kidogo cha kuhifadhia kumbukumbu viliondoa sababu ya kuinuka, lakini mazoea ya kula kwa zamu na kujadili kwa zamu hayakuondoka mara moja.

Kanuni nyingine hazikuandikwa popote. Anayefungua karanga karibu na mwenzake humkaribisha, walau kwa kunyoosha kifuko; kizuri kula na nduguyo. Maganda ya miwa hayatupwi chini ya benchi la mbele. Pigano linapofika kilele, taya husimama pamoja na pumzi. Aliyekwisha kuiona picha anaruhusiwa kudokeza, lakini akimaliza utamu wote huzomewa. Haya ni masharti ya adabu, ingawa si adabu ya opera.

4.0 Kusema ni kutafsiri

Mchango wa kibanda katika Kiswahili unaonekana kwanza katika msamiati. Neno "steringi", lililotoholewa kutoka Kiingereza, liliacha maana ya kushiriki katika filamu likawa jina la shujaa wake. Hupatanishwa kama kiumbe hai: "steringi ameanguka", "masteringi wawili". Mpinzani wake ni "adui" au "jambazi". Neno "picha", ambalo katika sarufi ya kawaida ni la ngeli ya I-/ZI-, likimaanisha filamu hupewa upatanisho wa LI-: "picha limeanza". Upatanisho huo unaikuza picha, kwa namna ileile inayomfanya mtu kuwa jitu. Leo msimulizi wa kisa chochote mtaani husema "picha linaanza" hata kama hakuna filamu. Fomula ya kibanda imekuwa jirani ya "Paukwa".

Mchango wa pili ni ufasiri. Katika benchi moja aliyesoma kidogo humweleza asiyesoma, na aliyeelewa vitendo humweleza aliyeelewa maneno. Kazi hiyo ya benchi ilipata wataalamu wake. Jijini Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Nchini Kenya DJ Afro na nchini Uganda VJ Jingo wamefanya kazi ya aina hiyo. Wasimulizi hawa hawakuanzia patupu. Walirasimisha kilichokuwa kikitendwa na watazamaji wenyewe: kueleza, kutania, kuonya, na kumpa mgeni jina la nyumbani.

Ziko, aidha, dalili za mapokeo ya kale zaidi. Mtazamaji mzoefu huwatuliza wenzake kwa kanuni kwamba steringi hafi. Shujaa wa Kiswahili hakuwa na dhamana hiyo: Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Lakini kabla ya hapo Liyongo alitoroka gerezani kwa msaada wa vitu viwili, yaani chakula na kelele. Tupa ililetwa ndani ya mkate wa wishwa, nao mshindo wa ngoma ya gungu nje ya gereza ulifunika mlio wa pingu zikikatwa. Katika kisa hicho kelele za umma hazikuwa fujo. Zilikuwa sehemu ya kazi. Kelele za kibanda nazo zina kazi: chini yake watu hukata minyororo ya lugha wasiyoielewa.

5.0 Pingamizi

Hoja hii isichukuliwe kuwa ni kukisifu kibanda kwa kila jambo. Wazazi wamelalamika, na kwa haki, kuhusu watoto wanaotoroka shule na kuhusu picha zisizowafaa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ilitungwa ili maonyesho ya hadhara yawe na usimamizi. Hewa ni nzito na milango ni myembamba. Zaidi ya yote, hadhira ya kibanda kwa kiasi kikubwa ni ya wanaume na vijana wa kiume, jambo ambalo majumba ya Zanzibar ya zamani, yaliyokuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, yalijitahidi kulirekebisha. Adabu ya kugawana karanga haijatosha kumfanya dada ajione salama katika benchi lile. Anayeitetea hadhira hii anapaswa kuanza na kasoro hiyo.

Hata hivyo, dawa zinazotolewa zina madhara yake. Jumba la kisasa lina viti laini na sauti safi, lakini kwa kawaida hukataza chakula kutoka nje na kuuza chake kwa bei yake. Sababu ni ya kibiashara na inaeleweka: sehemu kubwa ya pesa za tiketi huenda kwa msambazaji wa filamu, na bisi hubaki kwa mwenye jumba. Matokeo yake ni kwamba mama muuza karanga anakosa soko, na mnunuzi wa karanga anakosa kiti. Simu ya mkononi, kwa upande mwingine, humpa kila mtu picha yake na hofu yake peke yake, masikioni. Hapo hakuna wa kumnyooshea kifuko wala wa kumwambia, "Mwenzangu, huyu si mtu mzuri."

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba kimya cha sinema ni desturi ya mahali na wakati, si sharti la sanaa. Kwamba watazamaji wa Sakina na mitaa ya aina yake wamekuwa na adabu nyingine inayounganisha mdomo unaokula na mdomo unaosema. Na kwamba kutokana na adabu hiyo Kiswahili kimepata maneno, fomula na kazi nzima ya usimulizi wa filamu.

Mambo mawili yanafuata. Kwa watafiti, msamiati na mwitikio wa hadhira hizi unastahili kurekodiwa kwa uangalifu uleule unaopewa ngano na tenzi, tena mapema, kwa sababu vibanda vingi sasa huishi kwa mechi za mpira kuliko kwa filamu. Kwa wanaojenga na kusimamia kumbi, swali ni kama ukumbi salama, wenye hewa, wenye nafasi ya wanawake na watoto, unaweza pia kumruhusu mtu aingie na karanga zake na kumwonya steringi kwa Kiswahili. Ukumbi wa namna hiyo haungekuwa mgeni katika fasihi yetu. Ungekuwa na fanani asiyesikia, ni kweli, lakini pia hadhira ambayo haijasahau kuitikia.