Kuamia Ndege Kibera na Kawangware



Zamani kazi ya kuamia ndege ilikuwa ya watoto. Mtoto alipanda dungu alfajiri, kombeo mkononi, akapiga kelele mpaka jua likachwa. Siku hizi watoto wako shuleni, na mashamba yenyewe yamepungua. Huko Kibera, ardhi waliyotengewa askari wa Kinubi ilipotangazwa rasmi mwaka 1918 ilikuwa ekari 4,197. Hati waliyopewa Wanubi mwaka 2017 ni ya ekari 288. Kawangware nako, palipolimwa sasa pana vyumba vya kupangisha. Basi mwenye mpera mmoja na mipapai miwili uani ana mali, na ndege wakimtangulia hana kitu.

Wezi hasa ni wawili: shore, na yule ndege wa rangi ya udongo, mwenye kishungi na mkia mrefu, atambaaye matawini kama panya. Huyu wa pili huja na jamaa zake wote, na hula hata majani na machipukizi.

Wengi hutundika makopo, vipande vya bati au visahani vya muziki vilivyokwisha kazi, kisha hulalamika kwamba ndege wamekuwa wajeuri. Lakini ndege haogopi bati. Huogopa jambo geni lenye kuchezacheza. Akiliona siku nyingi mahali pale pale bila kudhurika, hutua juu yake. Tena, kati ya Juni na Agosti mbingu za Nairobi huwa na mawingu mengi, na kisahani kisichopata jua hakimeti. Miezi hiyo afadhali utepe mwembamba wa plastiki uliokazwa kutoka mti hadi mti, upate kutetemeka na kuvuma kwa upepo.

Vitishio visitundikwe mapema, bali matunda yaanzapo kubadilika rangi, na kila siku mbili tatu vihamishwe. Sanamu iliyovikwa koti kuukuu nayo ibadilishwe mahali na nguo pia. Kwa papai moja moja, mfuko wa gunia hushinda vitishio vyote.

Sumu isitumiwe kabisa. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu wamewahi kuwaua ndege katika mashamba ya mpunga kwa dawa ya wadudu, na ndege hao hao wakauzwa na kuliwa.

Matunda yakiisha, vitishio vyote vishushwe, vifungwe pamoja na kuwekwa ndani hadi msimu mwingine, ndege wasije wakavizoea.